Uzi wa Salma, Skrini ya Zuhura

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa majina ya waliokuwamo chumbani. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, na tarehe hunipotea kama sindano zuliani. Lakini jina la mtu likishaingia kichwani mwangu halitoki. Kwa hiyo nisikilize kwa majina.

Alikuwamo mjukuu wangu Zuhura, mbele ya kompyuta yake. Alikuwamo rafiki yake Neema, ametoka kazini hospitali, viatu vyake vyeupe kaviacha mlangoni kwa heshima. Binti yangu Rehema, mamake Zuhura, alikuwa jikoni na mahamri yake. Mimi nilikuwa kitandani mwa Zuhura na tasbihi mkononi, kwa sababu kiti changu nilikuwa nimempisha mgeni. Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, huku kwetu Euless, ughaibuni, karibu na uwanja wa ndege, na baridi ilikuwa imebana. Ndege zilikuwa zikipita juu ya nyumba moja baada ya nyingine, na vioo vya dirisha vikitetemeka kama kawaida yake.

Neema aliinuka aende zake. Alipoinuka tu, skrini ikazimika. Nyeusi tii. Ikakaa hivyo muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, kisha ikarudi.

"Waona?" Zuhura akasema. "Kila ukija."

Neema akacheka. "Aki Zuhura, kwani mimi ni stima, umeme wa kupotea na kurudi?"

Zuhura hakucheka. Na mtu asiyecheka mzaha wa rafiki yake, mwanangu, ana jambo kifuani.

Nikueleze hiyo kompyuta. Haikununuliwa dukani ikiwa nzima. Zuhura aliiunga mwenyewe, kipande baada ya kipande. Mwezi huu ananunua sanduku, mwezi ujao ananunua feni, mpaka meza yake ikawa kama ya fundi saa. Aliyemfundisha kuunga ni Neema. Huyu ni msichana wa Nakuru, ni muuguzi, anakaa Garland, na siku zake za mapumziko hucheza michezo ya kompyuta kama mtoto wa miaka kumi. Ananiita Shosho, kama waitavyo bibi zao kwao, nami nikaitika. Jina la heshima halina kabila.

Kipande kilichokuwa kimebaki ni kile wanachokiita kadi ya picha. Neema alikuwa ametia kadi mpya kwenye kompyuta yake, basi ile ya zamani akaichomoa, akamletea Zuhura, imefungwa kwenye taulo kama kichanga. Akanionyesha. "Hii ndiyo inachora, Shosho. Skrini ni ukuta tu." Hakutaka kitu, hata ahsante aliikata katikati.

Wiki za kwanza picha ilikuwa safi. Baridi ilipoingia, na mashine ya joto ikawa inanguruma mchana kutwa ndani ya nyumba, skrini ikaanza kiinimacho. Inazimika, inarudi. Siku nyingine mara tatu, siku nyingine haizimiki hata mara moja. Ugonjwa wa kila siku hutafutiwa dawa, mwanangu, lakini ugonjwa wa kuja na kwenda humfanya mgonjwa aonekane mwongo.

Zuhura akapapatika. Jumapili moja, mvua inanyesha, aliichomoa kadi akairudisha, akahamisha vile vijiti vya kumbukumbu, akaigeuza kebo ya skrini huku mwisho kule mwanzo, akapakua programu mpya, akaisogeza meza mbali na ukuta. Yote hayo kabla ya adhuhuri. Siku nzima skrini ikatulia.

"Nimeitengeneza, Bibi!"

"Alhamdulillahi. Ilikuwa na ugonjwa gani?"

Akasimama na bisibisi mkononi. "Sijui. Mojawapo kati ya hayo."

Kesho yake ikazimika.

Mwisho wa wiki tukaipakia garini tukaipeleka Houston kwa mwanangu Twalib, ambaye ni dereva wa malori lakini mikono yake haijui kukaa bure. Kompyuta tuliifunga mkanda kiti cha nyuma, pembeni yangu, kama abiria. Kwa Twalib iliwekwa juu ya meza ya chakula, ikawashwa siku mbili mfululizo. Haikuzimika hata mara moja. Mimi huko nilipumua vizuri, maana hewa ya Houston ina majimaji hata wakati wa baridi, midomo haikupasuka. Twalib akacheka. "Mashine haina kitu. Mgonjwa akimwona daktari hupona." Hata hivyo alimpa Zuhura kebo nyingine, fupi na nene, aiweke akiba. Zuhura akaitia mkobani akaisahau.

Jumatatu, tumerudi Euless, giza likarudi.

Sasa jua kilichokuwa kinamwasha mtoto huyu. Jumamosi yake alikuwa na mtihani wa kuwa msaidizi wa mfamasia, na mtihani wenyewe hufanywa nyumbani, mbele ya kompyuta, msimamizi anakutazama kupitia kamera. Skrini ikizimika, saa haisimami. Na msimamizi akikuona umeinama kuchezea waya, anaweza kuufuta mtihani wote. Laptop ya kuazima ilikuwako moja tu tunayoijua, nayo ilikuwa ya Neema.

Basi Neema alipotoka Alhamisi ile, Rehema akaingia na sahani ya mahamri, akasema, "Mimi sisemi kitu. Lakini mtu akikupa kitu chake na roho yake ikabaki nacho, kitu hicho hakitulii." Akaenda kutafuta chetezo afukize udi.

"Mama, hakuna jicho wala nini," Zuhura akamjibu. "Ni kadi mbovu. Ndiyo maana akanipa bure."

Ukiwatazama wawili hawa utasema mmoja ni wa udi na mwingine ni wa elimu. Mimi niliona wamekwenda kwa njia mbili na kubisha mlango mmoja. Wote wawili walimfikia Neema, na hakuna aliyekuwa bado ameifikia kebo.

Nikamwambia Zuhura, "Kaa hapo nikwambie ya cherehani." Akakaa, simu mkononi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi, Mombasa, Kibokoni. Baba alikuwa amenitoa shule zamani, na mama akanipeleka kwa Bi Nuru binti Shee nijifunze kushona. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Salma binti Athmani. Cherehani yangu ilikuwa dirishani, ya Salma ilikuwa mlangoni. Salma alikuwa na kovu dogo kwenye kidole cha shahada, sindano ilimpita siku yake ya kwanza, na alikuwa akishona huku akiimba puani. Tulikuwa tukila sahani moja.

Ukaja msimu wa harusi. Tukapewa nguo za harusi ya Khadija binti Omari, za bibi harusi na za dada zake wote. Hapo ndipo uzi wangu ulipoanza kukatika. Asubuhi nashona vizuri, mchana unakatika. Siku nyingine unakatika mara kumi, siku nyingine haukatiki kabisa. Nikapapatika kama Zuhura. Nilibadilisha sindano, nikakaza parafujo, nikalegeza bobini, nikatia mafuta, nikabadilisha na mkanda, kwa kikao kimoja. Ukashona siku hiyo. Kesho ukakatika.

Kisha nikakumbuka kuwa nilipokwenda kusali nilimkuta Salma amekaa kwenye cherehani yangu, anapiga pindo la kitu chake. Nikajumlisha. Nikasema amegusa kitu makusudi, anataka nguo ya bibi harusi apewe yeye. Na sikumwambia faraghani, mwanangu. Nilisema mamake Khadija amesimama pale pale, amekuja kuzitazama nguo. Nikasema, "Cherehani yangu ina mkono wa mtu," na macho nikayapeleka mlangoni.

Salma alikunja leso yake, akaweka mkasi mezani taratibu kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto, akatoka. Siku ya tatu tukasikia amekwenda kwa shangazi yake Malindi.

Bi Nuru hakunipigia kelele. Alikaa kwenye cherehani yangu akashona. Uzi ukakatika. Hakugusa parafujo hata moja. Aliliendea gurudumu la uzi aliloliacha Salma, akaliweka kwenye cherehani yangu, akashona upindo mzima bila kukatika. Akalitoa, akarudisha langu. Ukakatika. Kisha akanyoosha mkono dirishani, pale nilipokuwa nikipanga nyuzi zangu juani ili nizione rangi zake vizuri, akauvuta mmoja kati ya vidole. Ukakatika kama jani kavu. Asubuhi nilikuwa nikitumia uzi uliotoka kabatini, ukiisha nachukua wa dirishani, uliokaangwa na jua. Siku ambazo haukukatika, ni siku ambazo wa kabatini ulinitosha.

Akanitazama. "Umemshika mtu kabla hujaushika uzi," akasema. "Badilisha kimoja, ushone. Kikikataa, kirudishe palipokuwa, ubadilishe kingine. Ukigeuza vitano kwa pamoja, hata ukipona hujui umeponywa na nini."

Nikamuuliza, "Na Salma je?"

"Salma si uzi. Huyo harudi kwa kubadilishwa."

Wahenga wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu limejikwaa mara nyingi na kupona. Jeraha la ulimi liko hapa hapa.

Nilipomaliza, Zuhura alikuwa ameifudikiza simu juu ya goti. Nikajua.

"Nishaituma, Bibi," akasema.

"Saa ngapi?"

"Ulipokuwa bado kwenye cherehani. Kabla hujafika kwa Salma."

Nikamwambia anisomee. Alikuwa ameandika: *Kadi uliyonipa ni mbovu na ulijua.* Na Neema alikuwa amejibu tayari: *Sawa. Nirudishie.* Basi. Hakuna Shosho, hakuna mzaha.

Sikumgombeza. Maji yakimwagika hayazoleki, na kumgombeza mtu aliyekwisha kujigombeza ni kupoteza mate. Nikamwambia, "Kadi tutairudisha kesho kama alivyotaka. Lakini tuirudishe tukijua. Haya, niambie, skrini huzimika wakati gani?"

"Haina wakati, Bibi. Inazimika tu."

"Hakuna kinachozimika tu. Chukua karatasi, mimi nitaje, wewe uandike."

Nikaanza. Jumatatu ilizimika jirani yetu Fauzia alipokuja kurudisha sufuria, akakaa kidogo, akaaga. Jumanne mara mbili, mimi nilipokwenda kusali adhuhuri na nilipokwenda kusali alasiri. Jumatano Mzee Bakari alikuja kuaga, anasafiri kwenda kumwona mwanawe, akanyanyuka na bakora yake, ikazimika. Alhamisi ni Neema. Nikaongeza, maana shahidi husema yote, "Lakini ile Jumapili ya mvua niliinuka mara chungu nzima na haikuzimika."

Zuhura akaitazama karatasi. Akaitazama tena. "Bibi, hawa wote walikuwa wamekaa wapi?"

"Wapi tena? Pale akaapo mgeni. Kwenye kiti changu."

Hicho kiti kilikuwa cha Zuhura zamani, cha magurudumu, ambacho ukivuta kijiti chini kinapanda na kushuka kwa hewa iliyofungiwa kwenye bomba lake. Yeye alipoanza kuumwa mgongo alitafuta cha mbao cha miguu minne, hiki akanipa mimi kwa ajili ya magoti yangu. Akakiweka pembeni ya meza yake, karibu na waya zote, nipate kumtazama akisoma. Sisi watu wa pwani mgeni humpisha pazuri, na pazuri chumbani mule palikuwa hapo.

"Kaa hapo, Bibi," akasema. Nikahamia kitini, na shali langu la manyoya mabegani. "Sasa inuka."

Nikainuka. Tii.

"Kaa. Inuka."

Tii.

Mara ya tatu haikuzimika, ya nne ikazimika. Rehema akaingia na chetezo kinafuka, akatukuta mimi napanda na kushuka, na bintiye ameyakodoa macho kwenye skrini.

"Mnafanya mazoezi?"

"Mama," Zuhura akasema, "tumemkamata mchawi."

"Nani?"

"Bibi."

Rehema nusura aangushe makaa. Mimi nikacheka hadi nikashika mbavu. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo, na sikuwahi kudhani ni nguo hasa, tena shali nililoletewa zawadi. Lakini hebu fikiri: msimu wa baridi, mashine ya joto ikikausha hewa, ukivua shali gizani zinapasuka cheche ndogo ndogo, ukigusa kitasa cha mlango kinakuuma kidole. Nilikuwa nikilijua hilo tangu nilipofika nchi hii. Sikulipeleka mawazo kwenye skrini.

Zuhura akatafuta kwenye simu, akasoma, akanieleza kwa lugha ninayoifahamu. Mtu akiinuka kwenye kiti cha aina ile, umeme mdogo uliojikusanya hupiga kama kofi lisiloonekana, na kebo ikiwa ndefu na nyembamba, kama yake ilivyokuwa, hulidaka kofi lile. Skrini ikapotewa na picha. Hewa ikiwa na maji, kofi halina nguvu. Ndiyo maana Jumapili ya mvua ilitulia. Ndiyo maana kule Houston ilipona, kwenye hewa ya majimaji na bila kile kiti.

Kijana ni kijana. Pale pale akakisukuma kiti kwa mguu kukitoa nje, na mkono wa pili umeshaingia mkobani unatafuta kebo ya Twalib. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Kimoja," nikamwambia.

"Lakini Bibi, mtihani..."

"Kimoja, Zuhura."

Akatoa kiti peke yake, akakipeleka sebuleni. Tukakaa hivyo jioni ile, sisi tunatoka na kuingia, Rehema akaagizwa apite mara tano na shali langu. Hakuna kitu. Ijumaa asubuhi akakirudisha kiti palepale. Nikainuka, tii. Hapo sasa akabadilisha kebo, akaweka ile fupi nene, kiti kikiwa hakijasogea hata shubiri. Nikakaa na kuinuka mara ishirini, magoti yangu ndiyo mashahidi. Skrini haikupepesa. Akarudisha kebo ya zamani. Tii.

Akakaa sakafuni na ile kebo mapajani. "Kadi haina kosa," akasema polepole. "Haijawahi kuwa na kosa."

Akachukua simu aandike. Nikamwambia aiweke.

"Ulimtukana kwa simu. Msamaha uende kwa miguu."

Baada ya sala ya Ijumaa Rehema akatupeleka Garland. Njiani Zuhura alikuwa akisema na kurudia maneno atakayosema, marefu, ya kupangwa. Neema alipofungua mlango, maneno yote yakampotea Zuhura. Alimnyooshea ile kebo tu, kama mtoto anayeonyesha kikombe alichovunja.

"Ni hii," akasema. "Hii na kiti."

"Kiti?"

"Kiti cha Bibi. Mtu akiinuka kwenye kile kiti, skrini inazimika."

Neema akanigeukia. "Shosho?"

"Ndiyo, mwanangu. Wewe ulisema si wewe stima. Stima nilikuwa mimi."

Kicheko kilimponyoka, kisha akakikata. Akamtazama Zuhura. "Kwa hivyo kadi ni nzima."

"Nzima."

"Na mimi?"

Zuhura akaishusha ile kebo. "Wewe sikukupima. Nilikuhukumu tu."

Neema akatukaribisha ndani, akatupikia chai ya tangawizi kama ya kwao, maziwa mengi. Alipokwisha kumimina akasema, bila kumtazama mtu, "Sikukasirika uliposema ni mbovu. Vitu vinaharibika, na hiyo kadi ni ya zamani. Nilikasirika uliposema nilijua."

Rehema, ambaye alikuwa ametembeza udi nyumba nzima kwa ajili ya binti huyu, alikunywa chai yake akaomba kikombe cha pili, na hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Kadi tuliyomrudishia Neema hakuichukua. Laptop alitaka kutuazima, Zuhura akaikataa kwa upole. Alisema kompyuta yake sasa anaijua.

Jumamosi akafanya mtihani wake, kiti changu kikiwa sebuleni nami nimekikalia kwa adabu, nimeambiwa nisiinuke hata adhana ikiita, na nikamwambia hilo haliwezekani, kebo mpya ipo kwa kazi gani. Niliinuka adhuhuri, nikasali. Skrini ikakaa. Mtihani alifaulu.

Lakini Neema hakuja wiki ile, wala iliyofuata, wala ya baada yake. Alikuwa akijibu simu, akituma salamu kwa Shosho, lakini mguu wake hakuuleta. Zuhura akawa anatazama mlango. Nikamwambia kidonda kikifunga juu si kwamba kimepona chini, mwache mwenzio. Ndani ya kifua changu, mwanangu, nilikuwa nikihesabu siku kama nilivyozihesabu kwa Salma.

Siku aliyokuja, ilikuwa Jumapili, nilikuwa nimelala kidogo. Nikasikia viatu vinavuliwa mlangoni. Nikatoka, nikamkuta amesimama kwenye kizingiti cha chumba cha Zuhura, hajaingia, anatazama viti viwili vilivyokuwamo, cha magurudumu na cha mbao.

"Nikae wapi?" akauliza.

Zuhura akaondoka kwenye cha mbao, mbele ya kompyuta, akampa hicho. Yeye akakaa kwenye changu.

Sasa, mwanangu usomaye, wewe huenda huna kompyuta ya kuunga, wala cherehani. Lakini utakuwa na kitu kinachoharibika leo na kupona kesho, iwe mashine, iwe ndoa, iwe mtoto anayelia bila sababu unayoiona. Usikimbilie mtu. Angalia kwanza nani alikuwepo, nani aliinuka, mvua ilinyesha au haikunyesha, hata yale yasiyokubaliana na fikira yako, hayo hasa. Ukitaka kujaribu, geuza kimoja, ungoje, ukirudishe. Usione aibu kusema sijui, kwa kuwa mwenye kusema sijui hajamkosea mtu bado. Na ukiona mambo yote yanaelekea kwa mtu mmoja, jiulize kama hakukaa tu kwenye kiti ulichompa mwenyewe. Ukishajikwaa ulimi, nenda kwa miguu, nenda mapema, wala usidai usamehewe siku hiyo hiyo.

Mimi kwa Salma sikwenda. Nilikuwa na aibu, kisha nikaolewa, kisha bahari ikawa kati yetu. Kila nikutanapo na mtu wa Malindi huku, Carrollton au Houston, harusini au msibani, humuuliza. Bado sijampata anayemjua.

Mola akupe macho ya kuona uzi kabla ya mtu, akupe ulimi mzito na miguu myepesi, na rafiki atakayerudi kusimama mlangoni kwako akuulize akae wapi. Na ikiwa njia yako itakupitisha Malindi, ukamkuta bibi wa umri wangu anayeimba puani, mwenye kovu dogo kwenye kidole cha shahada, jina lake Salma binti Athmani, nipelekee salamu. Mwambie ulikuwa uzi. Mwambie ulikaangwa na jua pale dirishani, na niliyeupanga pale ni mimi.